Wavu wa Buti la Mwalimu Asnath

Ukimshuku mtu, mwulize usoni. Ukishindwa kumwuliza, acha kumshuku. Kanuni hiyo Mwalimu Asnath aliwafundisha watoto wa darasa la tano kwa miaka mingi, tangu alipokuwa kijana kwao Njombe mpaka alipohamishiwa Kigoma. Kalamu ikipotea darasani, hakuruhusu begi la mtu lipekuliwe wakati wa mapumziko. Aliyepotelewa alisimama, akamtazama anayemshuku, akauliza. Mara nyingi kalamu ilionekana chini ya dawati, na wawili wale wakaenda kucheza pamoja.

Yeye mwenyewe aliivunja kanuni hiyo akiwa mtu mzima, amebakiza mwaka astaafu, na aliivunja kwa sababu ya dagaa.

Alikuwa amepanga Ujiji, katika nyumba inayotazamana na ya Mwanakheri, mjane aliyekaanga migebuka, samaki wa ziwani, na kuwauza barazani. Asnath alipofika pale mgeni, hajui soko liko wapi, Mwanakheri ndiye aliyevuka barabara na sinia la ubwabwa kichwani akasema, "Dada, mtaa huu mgeni halali na njaa, tutaonekana watu wa ajabu." Malaria ilipomlaza Asnath wodini, Mwanakheri alikaa ubavuni pa kitanda akimpepea kwa upindo wa kanga. Mmoja alikwenda kanisani, mwingine alikwenda maulidini, na hilo halikuwahi kuwa neno kati yao.

Baadaye wakaanza biashara ya Jumamosi. Asnath alikuwa na gari, Probox nyeupe iliyokwisha kutembea sana kabla ya kufika kwake. Mwanakheri alikuwa na ulimi wa kununulia. Asubuhi walikwenda ufukweni Katonga, kwa wavuvi, kila mmoja akanunua gunia lake la dagaa. Walipitia mjini, Asnath akaingia mazoezi ya kwaya, Mwanakheri akabaki na gari. Mchana walipanda soko la Mwandiga kuuza, na jioni walirudi na mawese. Biashara iliwakubali. Wakaanza kuzungumza juu ya kukodi fremu pale Mwandiga, duka la kweli lenye mlango na kufuli, Asnath akistaafu wasimamie wote wawili. Mwenye fremu alikuwa amekubali, na Jumatatu iliyofuata walitakiwa waende pamoja kukabidhiwa ufunguo.

Wakati huohuo Asnath alikuwa ameanza kuona gunia lake linapungua.

Alikuwa na sado ya bluu, kindoo kidogo cha plastiki. Kwa sado hiyo alipimiwa dagaa Katonga, na kwa sado hiyohiyo aliwauza Mwandiga. Gunia lililomeza sado nyingi asubuhi lilikuwa likitapika chache mchana. Jumamosi ya kwanza alidhani amekosea kuhesabu. Ya pili alihesabu kwa sauti. Ya tatu hakuhesabu tena, alianza kutazama watu.

Na watu wenyewe walikuwa mmoja. Kati ya Katonga na Mwandiga, nani alibaki na mzigo? Yeye alipokuwa kanisani akiimba sauti ya pili, nani alikaa garini na vioo vimeshushwa? Mara akakumbuka kikapu cha Mwanakheri, ambacho siku zote kilifunikwa kanga. Kwa nini kifunikwe? Akakumbuka harufu ya dagaa iliyotoka jikoni kwa jirani yake siku ya Jumapili. Kana kwamba Ujiji kuna jiko lisilonuka dagaa! Lakini moyo ukishaanza kushuku hautafuti ukweli, unatafuta ushahidi, na ushahidi haukosekani. Kilichoikaza shaka yake zaidi ni kwamba gunia la Mwanakheri nalo lilionekana kupungua, na Mwanakheri hakulalamika hata siku moja.

"Asiyelalamika ndiye anayefaidika," Asnath alijiambia. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kumwuliza ilikuwa kazi ya neno moja, na nyumba zilikuwa hatua chache. Hakuuliza. Badala yake alipata wazo la wavu.

Kisingizio kilikuwepo, tena cha kweli. Jumamosi moja, wakishuka kutoka Mwandiga, dumu la mawese lilikuwa limepinduka ndani ya buti la gari, zulia likalowa, na gari likanuka wiki nzima. Asnath aliona kwenye simu video ya mtu akifunga wavu ndani ya buti ili mizigo isicheze. Yule wa kwenye video alikuwa na wavu wa dukani wenye kulabu zake. Asnath akafikiri: ziko wapi nyavu kama Kigoma? Kuhusu fundi, hakutaka kumsikia. Fundi mmoja aliwahi kumbadilishia betri nzima akamwekea mbovu, na tangu hapo hakuna mkono wa mtu uliofungua boneti lake.

Jumatano alikwenda Katonga kwa Mzee Leonardi, mshona nyavu, aliyekaa chini ya kibanda cha mabati ameinyoosha miguu juu ya mchanga, wavu umemfunika mapaja kama shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Leo si Jumamosi, umepotea njia?"

"Nataka kipande cha wavu. Kile kizito. Cha kufunga ndani ya buti la gari."

Leonardi alicheka mpaka akakohoa. "Wenzako wanahangaika ziwani, wewe unataka kuvua ndani ya gari? Mle kuna samaki gani?"

"Mawese, mzee. Yananimwagikia."

"Haya. Mawese hayana mapezi, utayapata tu."

Alimchagulia kipande cha wavu wa zamani, nyuzi nene, matundu ya kupitisha ngumi. Asnath alikikunja, akasimama, hakuondoka. Alichokuwa amekuja kukitafuta hasa kilikuwa bado.

"Mzee, nikitaka kuufunga wavu hivi kwamba mtu akiufungua nitajua, nafanyaje?"

Leonardi aliacha kushona. "Siku hizi mawese yanafungua nyavu?"

"Watu, mzee. Mjini kuna watu wengi."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akachukua ncha mbili za kamba na uzi mwembamba mwekundu. Wavu unapolala ufukweni, alimweleza, wenyewe huufunga hivi: uzi unazunguka ndani ya tumbo la fundo, ncha zinachungulia nje. Mwizi akilifungua fundo, uzi hukatika, na akilifunga tena hawezi kuurudisha ulivyokuwa. Asnath alijaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka akaweza.

"Ila sikiliza, Mwalimu," Leonardi alisema akirudia kazi yake. "Hilo ni fundo la wezi. Tunawafungia watu tusiowajua. Kwenye mzigo wa shirika halifungwi. Ukilifunga, mwenzako akiliona anashuka mtumbwini."

"Nimeelewa, mzee."

Alielewa vizuri sana. Lakini alijiambia kwamba Mwanakheri ni mwanamke wa kikaango, mafundo ya nyavu atayajulia wapi? Alisahau kwa makusudi kwamba baba wa Mwanakheri alikuwa mvuvi wa Kagunga, na binti wa mvuvi hukua akichezea nyavu.

Alhamisi, baada ya shule, aliegesha gari uani na kuanza kazi. Alitoa kila kitu ndani ya buti mpaka likabaki tupu. Akapima upana kwa kamba, ukuta mpaka ukuta, kisha akakata wavu ukiwa mfupi kwa shibiri moja, maana wavu uliolingana na nafasi hulegea, na uliolegea haushiki kitu. Pembeni mwa wavu alipitisha kamba nene, tundu kwa tundu, pande zote nne. Alichana vipande vya tyubu ya baiskeli, akavifunga kwenye pembe ili viwe vinavutika, na kwenye kila kipande akatia kulabu aliyoikunja kwa koleo kutoka waya mnene.

Upande wa viti kazi ilikuwa rahisi. Chini ya zulia alikuta pete mbili za chuma zilizokuja na gari, na hakuwahi kujua kama zipo. Upande wa mlango hapakuwa na pete. Akachukua skrubu akazikaza kwenye plastiki ya ukuta, akavuta wavu kwa nguvu aone, na plastiki ikang'oka na skrubu zake ikamgonga kifundo cha mkono.

"Mwalimu, unafungua gereji?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mwanakheri, na chupa ya chai na sahani ya maandazi yaliyofunikwa. "Mtu anapigana na gari lake mwenyewe, na gari linashinda!"

"Karibu, Mama Asia," Asnath alisema, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza kama siku zote. Hakumtazama. "Nafunga wavu. Mawese yasimwagike tena."

"Mashallah! Ungeniambia mapema. Nikushikie nini?"

Asnath akampa tochi ya simu ashike. Akaitoa plastiki yote, akagonga ukuta wa ndani kwa bisibisi akisikiliza: hapa pamejibu kwa mlio wa bati jepesi, hapa kwa mlio mzito wa chuma. Palipolia kizito ndipo palipofaa. Kabla ya kutoboa aliingia chini ya gari, akatazama tangi la mafuta limekaa wapi na mrija wa breki unapita wapi, maana mtu anaweza kutafuta pa kufungia dumu akatoboa tangi. Akatoboa kwa drili aliyoazima shuleni, akapaka grisi kwenye tundu ili maji ya samaki yasile chuma, akapitisha boliti yenye kichwa cha pete, washa, kile kipete bapa cha chuma, huku na huku, nati nyuma, akakaza mpaka mkono ukakataa. Akafanya hivyo na upande wa pili. Mwanakheri aliangaza mahali palipohitaji mwanga, na wavu ulipoanza kuvutwa aliuweka mwili wake wote upande mmoja kama anayevuta mtumbwi.

"Vuta, dada! Vuta! Hapo hapo. Ee, humu hata mbuzi hatoki."

Wavu ulikaa. Asnath aliupiga kofi, ukalia kama ngozi ya ngoma. Walijaribu na dumu la maji: wakaenda mpaka chini ya mtaa, Asnath akakanyaga breki ghafla, na dumu halikutikisika. Mwanakheri alipiga kigelegele ndani ya gari, na waendesha bodaboda waliokuwa kijiweni wakageuka.

"Mama, gari limevaa chandarua!" mmoja alipaza sauti. "Linaogopa mbu?"

"Linaogopa nyie!" Mwanakheri alimjibu, nao wakacheka.

Njiani kurudi aliuliza, "Jumatatu unatoka shule saa ngapi? Mwenye fremu nimeshamwambia tunakuja wote wawili, asije akatuona hatuna umoja."

"Tutaona," Asnath alisema. "Acha kwanza Jumamosi ipite."

Mwanakheri alidhani amechoka.

Jumamosi hiyo Katonga palikuwa pamechangamka. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya mchanga wanameta, na wanawake wanawageuza kwa mifagio. Asnath alipimiwa gunia lake kwa sado ya bluu, Mwanakheri la kwake. Magunia yakaingia butini yamesimama ubavu kwa ubavu, wavu ukavutwa juu yake mpaka ukabana na kuchora miraba kwenye viroba. Mwanakheri alikuwa akibishana na mpakiaji aliyedai achotewe dagaa wa kitoweo. Asnath akaona ndio wakati. Akazikutanisha ncha mbili za kamba ya wavu kwenye pete ya mlangoni, akatoa uzi mwekundu mfukoni, akafunga kama alivyofundishwa.

Alipoinua uso, Mwanakheri alikuwa amesimama nyuma yake, na ubishi wake umekatikia njiani. Macho yake yalikuwa kwenye fundo. Alijitanda vizuri ushungi wake, akaingia garini, akafunga mlango polepole.

Kutoka Katonga mpaka mjini ni mwendo mfupi, na kwa kawaida Mwanakheri aliujaza wote: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kauza nyumba ya urithi. Siku hiyo alitazama nje. Asnath aliona, na katika hali aliyokuwa nayo hata kimya kile alikihesabu kuwa ushahidi. "Leo amejua hapati," aliwaza. "Ndiyo maana hana raha." Akaenda kwenye kwaya, akaimba, na katikati ya wimbo akawa anachungulia dirishani. Gari lilikuwa juani. Mwanakheri hakukaa ndani yake. Alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, mbali, kwenye ngazi ya duka lililofungwa, mikono imewekwa magotini mahali ambapo kila mtu aliweza kuiona.

Walifika Mwandiga jua likiwa kali. Asnath alishuka wa kwanza, akazunguka nyuma, akainua mlango wa buti. Joto la ndani lilimpiga usoni. Fundo lilikuwa vilevile. Uzi mwekundu ulikuwa mzima, ncha zake zinachungulia kama alivyoziacha. Lakini wavu ulikuwa umelegea. Wavu ule uliokuwa umebana mpaka ukachora viroba, sasa aliweza kupitisha ngumi kati yake na gunia. Magunia yote mawili yalikuwa yameshuka mabega.

Akakata fundo kwa kisu, akafungua gunia lake, akachota. Asubuhi dagaa wale walipinda kati ya vidole bila kuvunjika. Ngozi ilikuwa kavu na ndani wana maji. Sasa walivunjika kwa sauti. Walikuwa wamekauka ndani ya buti, wakasinyaa, na barabara ikawashindilia. Sado ya Katonga ilipima dagaa na maji yao. Sado ya Mwandiga ilipima dagaa watupu. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiibwa kila Jumamosi, na mwizi alikuwa jua.

Furaha ilimpanda Asnath kwa ghafla, kama mtu aliyepona. Akageuka.

"Mama Asia! Njoo uone! Hawapungui, wanakauka!"

Mwanakheri alikuwa amesimama kando ya gari na kikapu chake. Alikuwa amekifunua. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, kitana, na maandazi mawili.

"Umemaliza kukagua?" aliuliza.

"Nini, dada?"

"Nakuuliza, Mwalimu, umemaliza? Au na kikapu unataka ukitie uzi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwita Mwalimu bila kumtania.

"Sikuwa na nia mbaya," Asnath alisema. "Nilikuwa naona gunia linapungua, sikujua..."

"La kwangu halikupungua? Nilimshuku nani mimi? Nimelelewa Kagunga. Fundo lile baba alilifunga usiku wa kulaza nyavu, kwa ajili ya wezi. Hakumfungia mwenzake hata siku moja. Na Alhamisi nimekushikia tochi! Nimeuvuta wavu ule kwa mikono yangu, nashangilia, kumbe unanipimia mtego."

"Nisamehe, dada."

"Ungeniuliza. Tumekaa miaka yote hii, mdomo wako haukuona njia ya kuniuliza, ukaona njia ya kwenda kwa Leonardi kujifunza fundo." Alikifunika kikapu tena. "Mjini pale nilikaa mbali na gari ili ukitazama dirishani unione. Umenifanya nikae kama mtuhumiwa, mtu mzima mimi, watu wananisalimia."

Asnath alinyoosha mkono amguse. Mwanakheri hakuupiga wala hakuupokea. Alimwita kijana wa bajaji, akashusha gunia lake mwenyewe, akalipakia, akaenda kuuza upande wa pili wa soko. Jioni alirudi Ujiji kwa usafiri mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, Asnath alivuka barabara. Alipiga hodi, akakaribishwa. Alipewa kiti kizuri na chai yenye tangawizi. Mwanakheri alimwuliza habari za kanisani, habari za shule, habari za nyumbani Njombe, kila kitu ambacho mtu humwuliza mgeni. Asnath aliweka kikombe chini.

"Mama Asia, nimekosa. Nimekosa kabisa, sina la kujitetea."

"Nimekusamehe, Mwalimu. Ningekuwa sijakusamehe nisingekupa chai."

"Basi kesho twende Mwandiga. Mwenye fremu anatungoja."

Mwanakheri alitikisa kichwa. "Fremu nimeichukua na wifi yangu Fatu. Nilimpigia simu jana."

"Fatu? Fatu hajui hata kupima!"

"Hajui. Atafundishika." Alimwongezea chai bila kuombwa. "Mwalimu, kusamehe ninaweza, dini imeniamrisha. Kufanya biashara na wewe siwezi. Nitakuwa kila siku nachungulia unachofunga. Na mimi nikianza kuchungulia, tutakuwa wawili tunaoishi hivyo."

Asnath alimaliza chai, akaaga vizuri, akasindikizwa mpaka mlangoni, si mpaka barabarani. Watu wakimwuliza kwa nini Mwanakheri hapandi tena gari lake, hujibu kwamba Mama Asia ana shughuli zake, na jibu hilo nalo si la kweli. Duka la Mwandiga lilifunguliwa bila yeye. Alistaafu mwaka uliofuata, akawa na muda mwingi na hana pa kuupeleka. Kutokuuliza swali moja kulimgharimu rafiki aliyekuwa naye, na Kigoma nzima hakuwa na mwingine.